Nyimbo za Kikwetu: Wanaozisifu ni Wengi, Wanaoziitikia ni Wangapi?



Mwezi uliopita alifika ofisini kwetu mgeni mmoja, mzee wa Kizungu, mwenyeji wa Scotland, aliyekuja kuitazama nchi ya chai. Alipokwisha kupata karatasi aliyoitaka, hakuondoka. Aliniuliza kwa upole, "Bwana karani, ningependa kusikia muziki wa Kipsigis. Jioni hii niende wapi?"

Nilifungua kinywa ili nimjibu, kisha nikakifunga. Nilifikiri habari za hoteli, nikafikiri habari za soko na stendi ya magari, nikaona kwamba kila mahali nilipopafikiri palikuwa na redio, wala hapakuwa na mtu aimbaye. Mwisho nilimwambia, "Mzee, ungekuja mwezi wa Desemba." Naye alicheka sana, akasema kwamba jibu langu ni la kwao kabisa. Watu wa nchi nyingine hudhani kwamba kila Mskoti huamka asubuhi akapuliza zumari ya mfuko, naye tangu azaliwe hajapata kuishika.

Maneno yale yalinikaa moyoni. Sisi makarani tumezoezwa kuandika tunachokiona, si tunachokitamani. Basi nilinunua daftari dogo, nikaazimia kuandika kwa siku saba kila muziki nitakaousikia, bila kuutafuta na bila kuukwepa.

Jumatatu asubuhi, ndani ya matatu itokayo Litein, nilisikia nyimbo za Injili, kisha za vijana wa Nairobi, kisha za Kongo. Jumanne jioni nilikuwa penye kituo cha kuuzia majani ya chai. Mkulima mmoja alikuwa ameweka simu yake juu ya kikapu, nayo ikitoa matangazo ya Kikalenjin. Maneno yalikuwa yetu, lakini vyombo vilikuwa gitaa na kinanda cha umeme. Jumatano kwaya ya kanisa ilikuwa ikijifunza nyimbo zake. Ijumaa kulikuwa na mazishi, na vipaza sauti vilisikika hadi ng'ambo ya bonde. Jumamosi watoto wa shule walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo wa kienyeji kwa ajili ya mashindano, na mwalimu akiwasimamisha kila mara ili wanyanyue miguu kwa pamoja.

Jumapili alasiri, nilipokuwa nimekwisha kata tamaa, nilipita nyuma ya nyumba ya jirani. Bibi mmoja mzee alikuwa amempakata mjukuu wake anayelia, akimwimbia wimbo wa kumbembeleza. Hakuna aliyemwomba aimbe, wala hapakuwa na mashindano au zawadi. Katika juma zima, huo ndio wimbo wa pekee wa zamani niliousikia ukifanya kazi yake.

Hiyo ndiyo hesabu yangu, ndugu zangu. Mtu akiwauliza Wakipsigis kama wanazipenda nyimbo za wazee wao, wote watajibu ndiyo, nao hawasemi uongo. Lakini kupenda ni jambo moja, na kuimba ni jambo lingine. Nimesoma kwamba Ireland, jirani wa Scotland, imeweka kinubi juu ya sarafu zake tangu mwaka 1928. Hata hivyo chombo kilicho juu ya fedha si lazima kiwe mikononi mwa watu. Mwaka 1951 watu wa huko waliunda chama kiitwacho Comhaltas Ceoltóirí Éireann ili muziki wao wa asili usipotee. Wascoti nao wana mashindano yao ya nyimbo, yaitwayo Mòd, tangu mwaka 1892, kama sisi tulivyo na Tamasha la Muziki la Kenya tangu mwaka 1927. Kwa maoni yangu, watu hawaundi chama cha kulinda kitu ambacho hakijaanza kuwaponyoka.

Walakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba zamani watu waliimba nyimbo safi zisizochanganyika na kitu, na kwamba leo redio imeharibu yote. Habari za Kapkatet zinatukataza kusema hivyo. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alifika Kapkatet. Huko aliwanasa Wakipsigis wakiimba kwa chepkong', chombo chetu cha nyuzi kilicho jamaa ya nyatiti ya Wajaluo. Katika nyimbo hizo zilikuwamo tatu zilizoitwa Chemirocha. Chemirocha huyo alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwa sahani za gramafoni. Jina lake lilipopita katika ndimi zetu likawa Chemirocha, na wasichana wakamwimba kana kwamba ni kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa.

Tazameni akili ya wasichana wale. Sauti ngeni iliwafikia, nao hawakukaa kimya wakiisikiliza tu. Waliijibu kwa lugha yao na kwa chepkong', na ile sauti ngeni ikawa wimbo wa Kipsigis. Baadaye Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et walifanya vivyo hivyo kwa gitaa, na wengi wetu tulilelewa na sauti yake. Hapa mjini Kericho palikuwa na studio ya Chandarana, iliyotoa sahani za waimbaji wa makabila mengi ya magharibi. Basi gitaa si adui yetu. Adui ni ukimya wa mtu anayeimbiwa asijibu.

Nyimbo za wazee zingali hai wapi? Kwanza, ziko menjo, wanakokaa vijana wetu wanapotahiriwa mwishoni mwa mwaka. Nyimbo zile si za kuandikwa gazetini, nami sitaziandika, lakini hapana shaka zina nguvu, kwa kuwa huko hakuna redio iwezayo kushika nafasi ya mwalimu. Pili, ziko katika koito, siku ambayo jamaa za mume huja kwa jamaa za mke kusema habari za mahari. Tatu, mwanariadha wetu arudipo na medali, akina mama humlaki kwa nyimbo na kibuyu cha mursik, na sinendet huzungushwa shingoni mwake. Wimbo huishi pale ambapo shughuli haiwezi kutimia bila wimbo.

Lakini hapo pana jambo zito ambalo wengi hawalitaji. Nyimbo nyingi za wanawake zilifungwa pamoja na tohara ya wasichana. Desturi hiyo imekatazwa kwa sheria ya mwaka 2011, na ni haki ikatazwe, kwa maana iliwaumiza na kuwakatisha masomo watoto wetu. Mimi ni baba wa binti, wala sina shaka juu ya jambo hilo. Hata hivyo, tulipouondoa wembe hatukujiuliza nyimbo zitakwenda wapi. Baadhi ya makanisa na shule wameanza kuwafundisha wasichana mila njema bila kuwakata, na huko nyimbo hupata mahali pa kukaa. Mahali pengine zimeachwa zikalala vifuani mwa wazee, nao wanapungua kila mwaka.

Sasa, wasomaji wangu, hapana budi niwaeleze kosa langu mwenyewe, maana si vema kuwasema wengine tu.

Mwaka jana tulifanya koito ya dada yangu mdogo nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa mweka fedha wa kamati. Niliajiri kijana mwenye vipaza sauti vikubwa na jenereta, nikajiona nimefanya kazi ya kisasa. Asubuhi wageni walifika langoni, na mama mmoja wa upande wao akaanzisha wimbo wa kubisha hodi, wimbo mzuri wenye kutuchokoza ili tuwafungulie. Desturi ni kwamba upande wetu ujibu. Niliwatazama akina mama wetu, nao wakatazamana. Waliujua wimbo kwa kuusikia, lakini maneno ya kuitikia hayakuwapo midomoni mwao. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliitika peke yake. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. Yule mama wa langoni aliimba tena, na shangazi akaitika tena, peke yake.

Mimi niliona aibu. Nilidhani wageni watatucheka kwa ule upungufu, basi nikamwashiria kijana wa vipaza sauti. Muziki ukalipuka uani. Vijana walishangilia, wageni wakaingia wakicheza, na watu wote walionekana wamefurahi. Shangazi alifunga kinywa katikati ya neno, akakaa kwenye kiti chake.

Hakunilaumu mbele za watu. Jioni, nilipompelekea kikombe cha chai, aliniambia, "Mwanangu, ng'ombe asipokamuliwa hukauka. Hakuna aliyemchinja, lakini maziwa hayapo tena." Kisha akaniuliza habari za bei ya majani, nasi tukaongea habari za bei ya majani.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliona kwamba nilikuwa nimelipa fedha ili kumnyamazisha mtu wa pekee aliyekuwa akitutetea langoni. Nikaelewa pia kosa langu la kuhesabu. Nilikuwa nikidhani kwamba wimbo una mwimbaji na wasikilizaji, kama ilivyo katika redio. Wimbo wetu hauna wasikilizaji. Una mwenye kuanzisha na wenye kuitikia, na asiyeitikia hayumo katika wimbo, hata kama anaupiga picha kwa simu yake. Kwa hiyo, ukitaka kujua kama muziki wa kienyeji unapendwa, usiulize ni watu wangapi wanaousifu. Anzisha wimbo mmoja hadharani, kisha uhesabu sauti zinazokurudia.

Tangu hapo, Jumapili baada ya ibada, mimi na binti yangu huenda kwa shangazi. Nimejifunza viitikio vitatu. Binti yangu amejifunza vingi kuliko mimi, naye hunisahihisha bila huruma. Shangazi hucheka matamshi yangu, akisema kwamba shule ya misheni ilinifundisha kuimba kama mtu aliyesimama kwenye foleni.

Nawashauri mambo matatu, ninyi wakulima na makarani wenzangu. La kwanza, jifunzeni kuitikia kabla ya kutaka kuanzisha, kwa kuwa mwanzishaji mmoja hutosha kijiji kizima, lakini mwitikiaji mmoja hatoshi. La pili, mkiwanasa wazee kwa simu zenu, andikeni jina la mwimbaji, mahali, na shughuli ya wimbo. Bwana Tracey aliandika majina ya waimbaji wake, na kwa sababu hiyo, zile sauti za Kapkatet ziliporudishwa nyumbani mwaka 2015, iliwezekana kuwatafuta wenyewe na jamaa zao, na mmoja wa wapigaji wa wakati ule alikutwa bado yu hai. Sauti isiyo na jina ni kama barua isiyo na anwani. La tatu, mkiajiri vipaza sauti, mwambieni yule kijana asubiri lango lifunguliwe kwanza. Muziki wake una nafasi yake baada ya chakula, nami pia huucheza.

Harusi ya dada yangu itakuwa Desemba ijayo. Shangazi amesema kwamba Mungu akimjalia uzima ataanzisha wimbo yeye mwenyewe, naye ametuonya kwamba hataimba mara ya pili kama hatutamjibu mara ya kwanza. Mimi, binti yangu, na akina mama sita wa mtaa wetu tunafanya mazoezi nyuma ya zizi ili tusichekwe. Yule mzee wa Scotland nimempelekea barua kumjulisha siku.

Je, tutatosha? Sijui, ndugu zangu. Mungu akipenda, nitawaandikia.