UKUBWA WA PIPA NI SHAURI LETU PIA



Sisi tunaofanya kazi penye mvuke na mafuta twalijua lile pipa ambalo mvuke hutokea juu na maji hutokea chini. Huko Olkaria mvuke wa visima hutenganishwa na maji kwanza ndipo uende kuzungusha mashine za umeme. Lakini tukiuliza habari ya ukubwa wa mapipa haya twaambiwa, "Hiyo ni kazi ya injinia." Hatukubali.

Hesabu yenyewe si uchawi. Mvuke ukipanda pole pole, matone huanguka. Ukipanda kwa kasi huyabeba mpaka mashineni. Basi kampuni ikitaka kupitisha mvuke maradufu katika pipa la kusimama, eneo la duara lake nalo liwe maradufu, yaani upana uzidi karibu mara 1.4. Halafu kuna nafasi ya maji, na hapo ndipo roho zetu zilipo. Kama yaingia meta moja ya ujazo kila dakika, na kutoka alama ya hatari mpaka kufurika pana nafasi ya meta 5 za ujazo, basi bomba la kutolea likiziba mtu wa zamu ana dakika 5 tu. Pipa dogo humwibia dakika hizo, kisha yeye ndiye aandikiwaye barua ya makosa!

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP, Texas City, Marekani, mnara ulijazwa kupita kiasi huku geji ikionyesha mafuta yanapungua. Yalifurika yakaingia katika pipa la kupokea, la tangu miaka ya 1950, ambalo bomba lake la juu lilikuwa wazi. Yakaruka nje, mvuke ukashika moto. Watu 15 walikufa, 180 wakaumia. Wote 15 walikuwa wafanya kazi wa makontrakta, waliokuwa ndani ya vibanda vilivyowekwa jirani au karibu navyo. Wachunguzi wa serikali, katika ripoti ya 2007, walisema pipa lile halikutosha kuyapokea mafuta yale.

Kwa hivyo twawataka wawakilishi wa kila idara wamwulize meneja kwa barua: kazi ilipoongezwa, nani alipima mapipa upya, na lini? Na vibanda vya vibarua viko umbali gani? Majibu yaletwe ofisini kabla ya mkutano ujao.