Jina Jipya, Namba Ile Ile

Wanachama wenzangu, tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi ya mapato katika Kenya. Kwa hiyo yatupasa kulifikiri jambo hili mapema.

Mwanamke aolewapo, sheria haimshurutishi kulitwaa jina la mumewe. Lakini akilitwaa, mara nyingi kitambulisho chasema hivi na hati ya mshahara, yaani P9, yasema vile. Wako wamshaurio aombe namba nyingine ya kodi. Shauri hilo ni baya: namba ni ya mtu, si ya jina, wala ndoa haiibadili. Aanze na cheti cha ndoa, abadilishe kitambulisho, kisha aiarifu Mamlaka ya Mapato. Siku ikiwa imekaribia, apeleke hesabu kwa jina la kale. Maana mchelewaji hutozwa shilingi 2,000 au sehemu 5 katika 100 ya kodi, iliyo kubwa.

Nasi makarani wa mishahara tusibadili daftari kabla ya kitambulisho kubadilishwa, wala tusimzungushe dada yetu ofisi kwa ofisi. Uzembe ni wetu, bali atozwaye ni yeye.