Neno "Positive" Kwenye Kadi ya Kliniki



Mwezi huu tuzungumze juu ya neno moja la Kiingereza linalotutia hofu mara nyingi bila sababu. Neno hilo ni "positive". Shuleni watoto wetu hufundishwa kuwa ni namba chanya, yaani iliyozidi sifuri. Kwenye betri ya redio ni upande wenye alama ya kujumlisha. Kwenye semina tunaambiwa tuwe na mawazo "positive", yaani yenye matumaini. Lakini tukilisikia hospitalini, wengi tunawaza UKIMWI tu.

Kwenye maabara neno hilo halisemi jema wala baya. Linasema kwamba kilichotafutwa kimeonekana. Kipimo cha mimba kikiwa "positive", una mimba. Cha malaria, umeonekana na malaria. Cha makohozi, vijidudu vya kifua kikuu vimeonekana. Basi swali la kwanza liwe: "Mlikuwa mnatafuta nini?"

Panapoleta ugomvi nyumbani ni kwenye kundi la damu. Kadi huandikwa "O positive" au "B positive". Baba akiisoma peke yake, anaweza kumdhania mkewe mabaya. La hasha! Hicho si kipimo cha UKIMWI. Maana yake ni kwamba chembe nyekundu za damu zina protini ya Rh, na watu wengi tunayo. Asiye nayo huandikiwa "negative". Naye si mgonjwa, ila akiwa mjamzito amkumbushe mkunga mapema. Akijifungua mtoto mwenye damu "positive", huhitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72, ili mwili wake usitengeneze kinga ya kushambulia damu ya mtoto atakayefuata.

Na kama kweli ni kipimo cha virusi vya UKIMWI? Hata hapo neno hilo si hukumu ya kifo. Mama akianza dawa mapema na kuzimeza kila siku, anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto akabaki salama.

Kwa hiyo, akina mama, tusitoke kliniki na neno tusilolielewa. Tumwulize muuguzi, kuuliza ni haki yetu. Tukifika nyumbani, tuifungue kadi pamoja na baba watoto, tumweleze kila mstari. Mithali 18:13 inatuonya tusijibu kabla ya kusikia. Onyo hilo linatuhusu sisi na waume zetu pia.