Dalili ya Madini Si Mgodi



Sisi wa Shinyanga na Geita hatuhitaji kufundishwa maana ya kuishi juu ya utajiri. Tangu almasi ya Mwadui ilipogunduliwa mwaka 1940 hadi mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, tumeona ajira na barabara. Tumeona pia wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu wakiondolewa mwaka 1996, na bwawa la mabaki ya mgodi wa Mwadui likipasuka Novemba 2022, tope likafunika mashamba ya watu.

Leo dunia inatafuta utajiri mwingine: metali adimu zinazotengeneza sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Mara nyingi hupatikana katika mwamba uitwao kabonatiti, uliotokana na uji wa moto kutoka chini ya ardhi. Nchini mwetu mwamba huo unajulikana kule Ngualla, mkoani Songwe, na katika Mlima Panda karibu na Mbeya, wenye metali ya niobiamu. Lakini watafutaji huzunguka nchi nzima, na penye uvumi wa madini kijiji hakilali.

Tujifunze kwa Ngualla. Metali adimu ziligunduliwa huko mwaka 2010. Leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa mwaka 2023. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ugunduzi alikuwa amefikia umri wa kumaliza darasa la saba. Dalili nyingi nyingine hazifiki hata hapo. Je, mkulima aache kupanda miembe, kujenga nyumba na kutunza ngitili kwa miaka yote hiyo akingojea fidia?

Kanisa halipingi uchimbaji. Kwa sheria, Serikali hupata hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia, nalo ni jambo jema. Lakini hisa hizo ni za Taifa zima, ilhali shamba linalochukuliwa ni la familia moja. Haki ya wengi haijengwi juu ya machozi ya wachache.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni apate idhini ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba yake, ingawa Waziri aweza kuingilia kati idhini ikizuiliwa bila sababu ya maana. Basi wakati wa kuuliza ni siku mtafutaji anapofika, si siku tingatinga linapofika.

Kwa hiyo tunawasihi: mtafutaji aletwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, aonyeshe leseni, mipaka na muda wake, na aseme nani atafukia mashimo ya uchorongaji. Kila kaya iandike mali zake mapema: mazao, miti, visima na makaburi. Asiwepo wa kuuza ardhi gizani kwa ajili ya uvumi. Wajane na vijana wasikilizwe sawa na wenyeviti. Na tuendelee kulima.

Nabothi alikataa kumwachia mfalme Ahabu urithi wa baba zake, akauawa kwa mashahidi wa uongo huku wazee wa mji wake wakishiriki. Viongozi wetu, msiwe wazee wa namna hiyo.