Nyumba ya Mchimbaji ni ya Nani?

Hapa Vitengeni twasikia kila mara: eti madini yatatutajirisha. Kweli, madini ya risasi na baraiti yamo ardhini kwetu, na wataalamu wa miamba waliandika habari zake tangu enzi za mkoloni. Lakini nauliza: huyo mchimbaji atalala wapi?

Baba yangu mdogo alifanya kazi machimboni, mbali na kwao. Aliishi chumba kimoja cha kampuni, yeye, mkewe na watoto watano. Siku kazi ilipokwisha, na chumba kikaisha. Akarudi kijijini na godoro na sufuria mbili, akaanza kukata fito akiwa na mvi. Miaka 18 ya jasho, hana hata bati moja!

Historia nayo yatufunza. Kule Katanga, katika miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière ilianza kuwajengea wachimbaji nyumba za familia kambini. Si huruma hiyo, bwana. Ilitaka wasiondoke kazini. Kilembe, Uganda, shaba ilianza kuchimbwa 1956, na nyumba za wafanyakazi zikajengwa bondeni kwa mto Nyamwamba. Mgodi ulifungwa 1982, watu wakabaki mle mle. Mei 2013 mto ukafurika na kubomoa nyumba. Mei 2020 ukarudia.

Wako watakaosema, "Nyumba ya bure, maji na taa, wataka nini tena?" Sikatai. Bomba mlangoni si haba kwetu tunaobeba madumu. Lakini nyumba iliyofungwa na kazi ni kamba shingoni: ukidai haki yako, waweza kutolewa nje wewe na wanao.

Maoni yangu ni haya. Mchimbaji apewe posho ya nyumba ajenge kwake, penye hatimiliki, mbali na mkondo wa maji. Tena Sheria ya Madini ya 2016 imeitengea jamii ya mahali pa machimbo asilimia 10 ya mrabaha. Fungu hilo lisiishie kwenye mikutano na soda. Lilete maji na barabara vijijini, ili mtu asilazimike kuhamia kambini.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wenzangu, kesho ni sisi tutakaotia sahihi mikataba hiyo. Kabla hujauliza mshahara, uliza: siku nikiachishwa kazi, ufunguo utabaki mkononi mwa nani?