Safari ya ghafla na haki zinazotangulia

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (SW), Muumba wa milima na Mpitishaji wa mito baina yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, mada yetu ya leo inahusu jambo lililokwisha kuwa la kawaida katika vitongoji vyetu, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Tegeta na Bunju. Watu huketi barazani baada ya swala, mmoja akasema, "Jamani, twendeni mahali tukapumzike," na kabla ya Alasiri gari limekwisha kutiwa mafuta. Wazee wengi huliona jambo hili kuwa ni upuuzi, na vijana wengi huliona kuwa ni haki yao isiyohitaji kuulizwa. Sisi tunaona kuwa pande zote mbili zimepungukiwa na kitu. Tutalieleza kwa kisa chetu wenyewe, kwani si adabu kumnyooshea mwingine kidole ilhali kosa tumelitenda sisi.

Ilikuwa mwaka 2018. Tulitoka msikitini Ijumaa, marafiki sita, na kufikia saa tisa tulikuwa tumeipita Kongowe tukielekea Mkuranga na Kibiti. Kibiti tuliiacha lami, tukashika njia ya vumbi hadi Mloka, ambako tuliingia usiku tukiwa hoi. Kesho yake tuliingia katika lililokuwa Pori la Akiba la Selous, tukafika mahali ambapo Mto Rufiji, baada ya kukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, ulikuwa ukibanwa na kuta za mawe katika Korongo la Stiegler. Mto uliokuwa umetandaa kama ziwa ulikusanywa mahali pamoja, ukapita kwa ngurumo. Tulisimama pale tukaishiwa na maneno, isipokuwa kumtukuza Aliyeuumba.

Hakuna ubaya katika kutazama huko. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Ankabut aya ya 20, inatuamrisha tutembee katika ardhi na tuangalie jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Mtume (SAW) alimweleza Sahaba wake Handhala (RA) kuwa moyo una saa moja na saa nyingine, wala hakumtaka mja awe katika hali moja daima. Kwa hiyo anayesema kuwa Muislamu hana ruhusa ya kupumzika na wenzake, huyo ameitia dini ugumu usiokuwamo.

Lakini yako mambo yaliyotangulia safari ile, nasi tuliyapuuza.

La kwanza ni swala. Usiku ule tulilala kwa uchovu, na jua ndilo lililotuamsha. Mmoja wetu alijitetea kwamba hata Mtume (SAW) na Masahaba walipitiwa na usingizi wakiwa njiani kutoka Khaybar hadi jua likachomoza. Ni kweli, nayo ni Hadithi sahihi iliyomo katika mkusanyo wa Imamu Muslim. Lakini Hadithi hiyo hiyo inaeleza kuwa kabla ya kulala alimkabidhi Bilal (RA) kazi ya kukesha na kuwaamsha. Sisi tulimkabidhi nani? Hakuna aliyewekwa, kwa sababu hatukuwa hata na kiongozi. Na Mtume (SAW) amefundisha, kama alivyopokea Abu Daud, kwamba watu watatu wanapotoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Sheria imempunguzia msafiri rakaa na kumruhusu kuchanganya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Aliyepewa wepesi wote huo kisha akaiacha Alfajiri impite bila ya kujiandaa, atakuwa na udhuru gani?

La pili ni wazazi. Mwenzetu mmoja, kijana wa Mbagala aliyekuwa akiishi na mama yake, aliaga kwa kusema, "Natoka mara moja." Simu yake ilizimika njiani. Mama yule alikesha usiku wa Ijumaa, na Jumamosi alizunguka katika hospitali na vituo vya polisi akimuulizia mwanawe. Tuliporudi Jumapili tulimkuta amekaa juu ya mkeka wa swala, macho yamevimba. Hakugomba. Alisema tu: "Mwanangu, mimi nisingekukataza kusafiri. Ulichoninyima ni nafasi ya kukuombea dua." Maneno yale yalituchoma kuliko matusi. Mtume (SAW) amebainisha kuwa miongoni mwa dua zisizorudishwa ni dua ya mzazi na dua ya msafiri. Sisi tulikwenda na moja, tukaiacha nyingine nyumbani, kwa kuona uzito wa kusema sentensi moja ya kuaga.

La tatu ni mali. Tulikuja kujua baadaye kuwa mmoja wetu alichangia mafuta kwa fedha alizoweka kwa ajili ya ada ya mtoto, na mwingine alimwachia mkewe shilingi elfu tano kwa siku tatu. Abu Daud amepokea kuwa inatosha kuwa ni dhambi kwa mtu kuwapoteza wale anaowajibika kuwalisha. Mwenye deni lililokwisha kufika muda wake, au mwenye nyumba isiyokuwa na unga, huyo safari yake ya mapumziko haijafika wakati.

La nne ndilo linalotuuma zaidi. Miongoni mwetu wenye familia, hakuna aliyekuwa amewahi kuwapeleka mkewe na watoto wake mbali zaidi ya ufukwe wa bahari siku ya Idi. Mtume (SAW) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na aliyetokewa na kura alifuatana naye. Na katika safari mojawapo alishindana mbio na Bi Aisha (RA). Sisi mbele ya marafiki tulikuwa wachangamfu na wakarimu, na nyumbani tulirudi na nguo chafu za kufuliwa.

Tulipokuwa tukirudi tuliahidiana kuwa mwaka ujao tutawaleta watoto waone korongo lile. Mwaka ukapita. Mwaka 2019 ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza mahali pale pale, Desemba 2022 maji yakaanza kujazwa, na mwaka 2024 mtambo wa kwanza kati ya tisa ukaanza kufua umeme, kuelekea jumla ya megawati 2,115. Hiyo ni neema kwa taifa, nasi hatuipingi. Lakini sehemu ya korongo lile leo imo chini ya maji. Watoto wetu wanaweza kuliona bwawa. Mto ule kama tulivyouona sisi hawatauona tena.

Ndugu zetu, maulamaa wamesema kuwa neno safari, kwa asili yake ya Kiarabu, linabeba maana ya kufunua, kwa kuwa safari huzifunua tabia za watu. Yetu ilitufunua. Hatusemi kuwa msisafiri. Tunasema: ageni, teueni amiri, wekeni wa kuwaamsha, na lipeni kwanza kilicho wajibu. Na kabla ya kumpigia rafiki simu, muulizeni mke na watoto: "Nyinyi mngependa kwenda wapi?" Kamati za misikiti na madrasa zetu za Temeke na Kinondoni nazo zinaweza kukodi basi na kuzipeleka familia pamoja, kwa stara na kwa gharama nafuu.

Kijana yule mama yake yu hai, alhamdulillah. Tangu siku ile, hata akienda Kariakoo humpitia kwanza kumuaga.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) azijaalie safari zetu ziwe za kheri, na atusamehe tulipokosea. Amin.