Ekipe ya mupira isiwe mali ya PDG mmoja

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kuwangojea nyumbani, leo tuongee mupira. Lakini si magoli. Tuulizane: ekipe ni ya nani?

Kwenye kartie za Goma, na kwenye makare ya Masisi na Walikale, mambo ni yale yale. PDG mmoja anakuja, ananunua maillot na viatu, analipa gari. Vijana wanaimba jina lake. Siku bei ya madini inaanguka, ao kura zimepita, simu yake haipatikani tena. Ekipe inakufa. Ukiuliza, watajibu: «PDG alishaendaka, sisi tutafanya nini?»

Sisemi PDG ni mubaya. Tuangalie TP Mazembe ya Lubumbashi. Ilianzishwa 1939 na wamisionari Wabenedikto, baadaye ikabeba jina Englebert, jina la pneu za gari, na kwa jina hilo ikachukua kombe la Afrika 1967 na 1968. Chini ya Moïse Katumbi ikalichukua tena 2009, 2010 na 2015. Ni sifa kwa Kongo yote. Lakini Kongo iko na Katumbi wangapi? DC Virunga na AS Kabasha za hapa kwetu haziwezi kungoja mfuko kama ule. Na ekipe ndogo ya kare, hata kidogo.

Sasa sikilizeni habari ya ekipe moja ya London, Wimbledon. Ilizaliwa 1889, ikacheza miaka mingi nje ya ligi kubwa, mpaka 1977 ndipo ikapokelewa. Mwaka 1988 ikapiga Liverpool 1-0 kwenye finali ya Kombe la FA. Lakini wenye mali walikuwa wengine. Mwezi wa tano 2002 wakapewa ruhusa ya kuhamisha ekipe mpaka Milton Keynes, kilometa karibu 90, mbali kuliko Goma na Rutshuru. Wasapota walikataa, hakuna aliyewasikiliza.

Wakafanya nini? Walianzisha yao, AFC Wimbledon. Mwezi wa sita ule ule wakaita wachezaji waje kujaribiwa kwenye majani ya wazi, na mwezi wa nane walikuwa wameshaanza mashindano, chini kabisa, divizio ya tisa. Mwenye ekipe ni shirika la wasapota: unalipa mchango wa mwaka, unapata sauti moja. Tajiri sauti moja, mlinzi wa usiku sauti moja. Mwaka 2011 wakaingia divizio ya nne, kwenye ligi za mashahara. Mwezi wa kumi na moja 2020 wakarudi kucheza kwenye mutaa wao, Plough Lane, ndani ya sitade mpya. Wasapota wenyewe walikopesha ekipe zaidi ya milioni 5 za pound ili ujenzi umalizike.

Najua mtasema: «Wale ni Wazungu, beko na feza.» Ni kweli, feza zao si zetu. Lakini kuchanga si kitu cha Wazungu. Nani hapa hajui likelemba? Nani hana mama ao dada kwenye AVEC? Wale wamama wanaweka kidogo kidogo kila wiki, na mwisho wa mwaka wanagawana. Kama wamama mia wanaweza kulipa masomo ya watoto namna hiyo, wachimbaji mia watashindwa kununua mipira na maillot?

Neno la pili ni zito zaidi: «Feza zitaliwa.» Hapo nawaunga mkono. Mchimbaji anajua koperative. Sheria inasema ni ya wanachama, lakini ziko zingine ambazo mwenyewe ni mutu mmoja, na wewe uko na karte tu. Karte bila sauti ni karatasi. Kwa hiyo ekipe ikiwa ya wasapota kwa jina tu, itakuwa ile ile ya PDG, imebadilisha koti.

Dawa tuko nayo nyumbani. Sanduku la AVEC liko na kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu. Hakuna anayefungua peke yake. Hesabu inasomwa mbele ya wote. Tangu benki za Goma zifunge milango mwezi wa kwanza 2025, tumeona vizuri kwamba kinachochunga feza si ukuta wa benki, ni macho ya watu. Ekipe ifanye hivyo: hesabu isomwe uwanjani kila mwezi, komite ichaguliwe kila mwaka, mutu mmoja sauti moja. PDG akitaka kusaidia, karibu sana, alete mchango wake na apate sauti yake moja kama sisi.

Mchimbaji hana kitu kingi cha kuita chake. Shimo ni la mwingine, bei inapangwa mbali, njia iko na barriere. Ekipe ya mupira ni kitu kidogo, lakini inaweza kuwa yetu kweli, na mutoto akijifunza pale kusoma hesabu na kupiga kura, kesho ataulizia ya koperative pia. Jumapili hii, mbele ya match, mkaulizane: sanduku liko kwa nani, na funguo ni ngapi?